Watoto Wetu Wafundishwe Ramani ya Kwao



Kila mwaka, watoto wanapoingia madarasa ya juu ya sekondari, tunayasikia maneno yale yale. Baba anarudi kazini, anamkuta kijana amefungua daftari la jiografia, anamwambia: "Achana na mito na milima hiyo, soma hesabu na kemia upate kazi kampuni." Mtoto anatii. Daftari linafungwa, linakuja kufunguliwa tena siku chache kabla ya mtihani wa Serikali, apate kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyokwisha andikwa. Hesabu na kemia hatuzikatai, nasi wenyewe zimetupa mkate. Lakini sisi makarani, tunaoshika karatasi za mgodi mchana kutwa, tunajua kwamba katika Kolwezi hii hakuna shauri kubwa lililoanza bila ramani.

Mababu zetu walikuwa na jiografia yao. Walijua kwamba kilima kisicho na miti katikati ya pori, chenye nyasi fupi na maua ya namna yake, kina shaba chini. Wakachimba, wakayeyusha, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyosafiri mbali sana katika biashara. Elimu ile haikuandikwa. Mwaka 1892 akapita Jules Cornet, mtaalamu wa mawe, pamoja na msafara wa Wabelgiji, naye akaandika kila alichokiona katika vilima vile. Mwaka 1906 Union Minière ikaundwa. Mwaka 1937 mji wetu ukaanzishwa. Kalamu ilitangulia, sururu ikaja nyuma yake.

Wazee waliosoma zamani za Wabelgiji wanasimulia jinsi walivyokaririshwa mito ya Ubelgiji, Meuse na Escaut, hali Lualaba inapita karibu nao bila kutajwa. Mambo hayo yamepita, tunashukuru. Lakini mwulizeni leo kijana wa darasa la mwisho, hapa hapa katika mkoa uliopewa jina la mto huo mwaka 2015: Lualaba inatoka wapi, inakwenda wapi? Wengi watataja miji mikuu ya Ulaya vizuri kabisa, na hapo watanyamaza.

Basi tuseme. Mto huu unaanza katika nyanda za juu za kusini, karibu na mpaka wa Zambia. Unashuka kwa nguvu Nzilo, ambako bwawa la umeme lilimalizika mwaka 1952, halafu Nseke, mwaka 1956. Unapita katika mabwawa ya Upemba, unafika Kindu, unavuka ikweta, na Kisangani unapata jina la Kongo mpaka baharini Banana. Maji yetu yanakwenda kaskazini na magharibi, lakini shaba yetu inapandishwa malori kwenda kusini, Kasumbalesa. Kwa nini? Kwa sababu mto unakatwa na maporomoko, na chini ya Kinshasa hakuna meli inayopita mpaka Matadi. Ndiyo maana reli ya Benguela ilipofunguliwa mwaka 1931, kutoka kwetu hadi bandari ya Lobito, ilikuwa jambo kubwa. Vita vya Angola vikaifunga kwa miaka mingi baada ya 1975, na leo mataifa makubwa yanaitaja tena kila siku. Mtoto aliyeelewa hayo akisikia habari za Lobito atauliza nani atafaidi. Asiyeelewa atapiga makofi tu.

Tena yupo mwalimu wa bure juu ya vichwa vyetu: waya mkubwa wa umeme unaotoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilomita 1,700, uliomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unapita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku vinawasha koroboi. Mwalimu akiwapeleka wanafunzi chini ya waya huo kwa saa moja, atakuwa amefundisha zaidi ya kitabu kizima. (Nauli ya basi tunaweza kuchanga wazazi; bia ya jumamosi moja inatosha.)

Sasa tufike penye fedha. Kanuni ya Migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inagawa ardhi kwa miraba, kila mraba karibu hekta 85. Mwanakijiji anaona shamba lake la mihogo. Mwenye kampuni anaona miraba. Ardhi ni ile ile, lakini ni mmoja tu anayejua mapema kwamba shamba limekwisha ingia ndani ya mpaka. Kanuni hiyo hiyo inagawa mrabaha wa madini hivi: sehemu 50 kwa mia kwa Serikali kuu, 25 kwa mkoa, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa komuni, sekta au utawala wa kimila ambamo mgodi unafanya kazi. Angalieni neno "ambamo." Mgodi ukiwa kwenye mpaka wa tawala mbili, mstari mmoja wa wino ndio unaoamua zahanati itajengwa upande gani. Nani atakwenda kuusoma mstari huo kwa niaba yetu, kama watoto wetu wote waliambiwa ramani ni kupoteza muda?

Wale wa Kasulo wanakumbuka. Mwaka 2014, kobalti ilipoonekana katika mtaa ule, watu walichimba mashimo ndani ya viwanja vyao, hata chini ya nyumba walimolala. Kuna waliopata fedha, na kuna waliofukiwa. Kujua udongo unavyokaa, maji ya masika yanavyoingia na kuta zinavyoporomoka, hilo nalo ni somo la jiografia.

Kwa hiyo shule zikifunguliwa mwezi wa tisa, tunaomba kila kamati ya wazazi iende kwa mkuu wa shule na maswali matatu. Je, iko ramani ya mkoa wa Lualaba ukutani mwa madarasa ya juu? Je, wanafunzi watatoka hata mara moja kwenda kuona mto na Nzilo? Je, mwalimu atawafundisha kusoma mraba wa mgodi na mpaka wa komuni yao? Kama ramani haipo, basi tuulize bei yake, tuchange tuinunue sisi wenyewe, na mwalimu aandikiwe risiti yake.