Kaburi la Aliyeusia Mwili

Kila tarehe 2 Novemba Wakatoliki wa Sumbawanga huenda makaburini. Majani hupaliliwa, padre hunyunyiza maji ya baraka, na watoto huonyeshwa alipolala babu ambaye hawakuwahi kumwona. Wamoravian nao huwatembelea wafu wao alfajiri ya Pasaka, kabla jua halijachomoza. Katika nchi ya Ufipa, ambako Ukristo umekaa kwa zaidi ya karne moja, imani ya ufufuo hufundishwa mbele ya tuta la udongo lenye msalaba na jina. Anayetaka kuzungumza na Mkristo wa huko juu ya kuusia mwili wake kwa chuo cha udaktari hana budi kuanzia kwenye tuta hilo.

Theolojia yenyewe haina ugumu mkubwa. Swali lisemwalo mara nyingi ni hili: aliyepasuliwa vipande atafufukaje? Wengi wa Mashahidi wa Uganda walichomwa moto Namugongo mwaka 1886, wala hakuna Mkristo wa Afrika Mashariki anayehofu kwamba watakosa mwili siku ya mwisho. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alitumia mfano wa mbegu, na mkulima wa mahindi wa Ufipa anajua vema kwamba mbegu haichomozi ardhini kama ilivyoingia. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia jinsi Yosefu alivyowaagiza waganga wa Misri wautie dawa mwili wa baba yake, kazi iliyochukua siku 40, ndipo mzee akapelekwa Kanaani kuzikwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika kifungu cha 2301, inaruhusu maiti kuchunguzwa kwa ajili ya utafiti wa sayansi, na inakitaja kitendo cha kutoa viungo baada ya kufa kuwa halali na chenye stahili. Makanisa mengi ya Kiprotestanti huliacha jambo hili kwa dhamiri ya mtu.

Faida yake pia si ya kubahatisha. Mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo hupita chini ya mshipa mkubwa wa damu wa mfuko wa uzazi, kando ya shingo ya uzazi, kwa umbali wa takriban sentimita 2. Daktari kijana anayelazimika kuutoa mfuko wa uzazi usiku wa manane, ili kuokoa mama anayevuja damu, akifunga mshipa kwa papara anaweza kuufunga na mrija huo. Picha ya kitabuni humwonyesha mahali pamoja tu, ilhali miili ya watu hutofautiana. Mkono hujifunza kwa kugusa, na ni heri ujifunze kwa aliyekwisha kufa kuliko kwa mama huyo.

Je, aliyelala kwenye meza ya anatomia ni nani? Katika vyuo vingi vya Afrika, mara nyingi ni marehemu ambaye hakuna aliyekuja kumdai: msafiri, kibarua aliyefia ugenini, mtu aliyepoteza akili na kuachwa na nduguze. Hakuulizwa akiwa hai, wala hakuna aliyeulizwa kwa niaba yake. Uingereza ilihalalisha jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1832, iliyowaelekeza wapasuaji kwenye maskini waliofia katika nyumba za hifadhi. Mwaka 2012 shirikisho la kimataifa la vyama vya wanaanatomia lilihimiza vyuo vitumie miili iliyotolewa kwa hiari peke yake. Papa Pio XII alikuwa amekwisha kulisema jambo la karibu na hilo tarehe 14 Mei 1956: kwamba si haki miili ya wagonjwa maskini wa hospitali za umma iwe ndiyo inayopelekwa kwa waganga kana kwamba ni kawaida, huku ya wenye uwezo ikiachwa.

Hapo ndipo Kanisa haliwezi kubaki mtazamaji. Chuo cha udaktari cha Bugando, Mwanza, ni cha maaskofu Katoliki. Kile cha KCMC, Moshi, kimelelewa na Walutheri. Mkristo anayeikataa meza hiyo kwa ajili yake na ya mzazi wake, kisha akaenda kutibiwa na daktari aliyefundishwa kwa mwili wa fukara asiye na ndugu, amekubali pasipo kusema kwamba heshima ya maiti ni ya wenye ukoo.

Ufipa ina mtu wake wa kukumbukwa katika suala hili. Adrien Atiman alizaliwa katika nchi inayoitwa leo Mali, akatekwa na kuuzwa akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea uganga Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Aliwatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956, mwaka ule ule wa hotuba ya Papa. Hospitali ya jimbo mjini Sumbawanga ina jina lake. Mtu aliyewahi kupigiwa bei mwili wake akiwa hai angeelewa upesi tofauti kati ya mwili uliochukuliwa na mwili uliotolewa.

Hata hivyo, hofu ya wanakijiji isibezwe. Jina Sumbawanga huelezwa kuwa na maana ya kutupa uchawi, na Rukwa ni miongoni mwa mikoa ambamo watu wenye ualbino wameshambuliwa kwa ajili ya viungo vyao. Habari za mumiani ni za tangu ukoloni. Ng'ambo ya mpaka, katika Zambia ya leo, mapadre wenyewe walishukiwa miaka ya 1930 kuwa washirika wa wanyonya damu. Mahali penye kumbukumbu hizo, gari lisilojulikana likibeba maiti kuelekea mjini litazua mengi kabla halijafika Laela.

Kwa hiyo ruhusa ya mimbarani haitoshi. Wosia uandikwe na mtu mwenye akili timamu, mbele ya mwenzi na watoto, kwa kuwa watakaoachwa na msiba ni wao. Waambiwe wazi kwamba hakuna malipo. Kwamba chuo kinaweza kuukataa mwili kwa sababu ya maradhi au kuchelewa, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilometa 1,000. Kwamba mwili ukishatiwa dawa unaweza kukaa chuoni mwaka mmoja, miwili au zaidi. Ibada ya mazishi ifanyike kwanza, mwili ukiwepo, ili tanga liweze kuanuliwa. Makanisa nayo yavidai vyuo vyao daftari la majina, ibada ya kila mwaka ambayo wanafunzi watahudhuria, na maziko ya mabaki yote, yakiwemo ya wale wasiodaiwa na mtu. Familia itakayotaka mabaki yarudi Ufipa irudishiwe bila gharama. Na itakayokubali yazikwe huko huko iruhusiwe kusimika msalaba wenye jina katika makaburi ya parokia, ili tarehe 2 Novemba padre ajue pa kunyunyizia maji.