Waliotupandisha Wasiachwe



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme machache juu ya shauri ambalo limezungumzwa sana mabwenini tangu shule ilipofunguliwa, na ambalo, kwa habari nilizopata, limewafikia hata wanafunzi wa zamani huko waliko. Timu yetu ya kwanza imepanda. Mwaka ujao tutacheza katika daraja la kwanza la ligi ya shule, tukutane na zile shule kubwa ambazo hapo nyuma tulikuwa tukizisikia tu. Furaha ni kubwa, na mimi ni mmoja wa wenye furaha, maana kwa miaka mitatu nimeshika daftari la timu, nikaandika kila bao tulilofunga na (ole wetu) kila bao tulilofungwa.

Lakini baadhi ya wenzetu, pamoja na baadhi ya wakubwa wetu waliokwisha kuondoka shuleni na ambao kwa ukarimu wao wamechanga fedha, wanasema kwamba timu hii haiwezi kusimama mbele ya wenye nguvu. Wanataka waletwe vijana watano au sita kutoka mjini, wacheza mpira hasa, waandikwe Kidato cha Tano kwa jina tu, na hao waliotupandisha wakae nje watazame. Hoja yao ni kwamba daraja jipya lataka watu wapya. Mimi nasema hoja hiyo haina mizizi, na shahidi wangu ni klabu moja ya Uingereza iitwayo Ipswich Town.

Najua mtacheka. Hapa shuleni kila mtu ni wa Arsenal, au wa Manchester, au wa Liverpool, na Jumamosi jioni mbele ya televisheni hapapatikani hata mahali pa kuweka mguu. Ipswich wengi wetu tuliwaona kwa mara ya kwanza mwaka 2024 walipopanda Ligi Kuu. Wakashuka mwaka 2025, nasi tukawasahau. Mimi mwenyewe niliwacheka sana. Ndipo mwalimu mmoja aliponiuliza kama najua kwamba hao ninaowacheka walipata kuwa mabingwa wa nchi yao katika msimu wao wa kwanza kabisa wa daraja la juu. Nilidhani ananitania. Nikaenda kusoma.

Ipswich ni mji wa mashariki ya Uingereza, katika Suffolk, mji wa bandari na wa wakulima, wala si mji mkubwa. Klabu yake ilianza kuajiri wachezaji wa kulipwa mwaka 1936, ikaingia katika Ligi mwaka 1938, wakati Ligi yenyewe ilikuwa imekwisha kutimiza miaka 50. Mwaka 1955 wakampata mwalimu wa mpira, Alf Ramsey, aliyekuwa beki wa Tottenham na wa timu ya taifa. Aliikuta timu katika Daraja la Tatu la Kusini. Mwaka 1957 akaipandisha Daraja la Pili, na mwaka 1961 akaipandisha Daraja la Kwanza, ambalo siku zile ndilo lililokuwa la juu kuliko yote.

Waandishi wa magazeti wengi waliwatabiria kushuka mara moja. Klabu kubwa ziliwangoja kama methali isemavyo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Yaani hawa wameletwa watupe pointi. Ramsey naye alifanya nini? Katika timu yake ya kwanza aliongeza mtu mmoja, fowadi Doug Moran kutoka Falkirk ya Scotland, kwa pauni 12,300. Mmoja, wala si sita. Wengine walikuwa walewale waliotoka nao chini. Katika msimu huohuo, mwezi wa Desemba 1961, Tottenham walilipa pauni 99,999 kumtoa Jimmy Greaves huko Milan. Waliipunguza pauni ile moja ili kijana asibebe mzigo wa kuitwa mchezaji wa kwanza wa pauni laki moja. Basi pimeni wenyewe.

Mwanzo haukuwa mzuri. Tarehe 19 Agosti 1961 walikwenda Bolton wakatoka bila kufungana. Wakaenda Burnley wakafungwa 4 kwa 3. Wakarudi nyumbani Portman Road, Manchester City wakawafunga 4 kwa 2. Mechi tatu, pointi moja. Nadhani kama kamati yetu ingekuwa pale, usiku ule ule ingepeleka gari mjini kutafuta vijana wengine. Ramsey alibaki na watu wake, na siku chache baadaye Burnley walipokuja Portman Road walipigwa 6 kwa 2.

Mtu ninayempenda kuliko wote katika habari hii ni winga wao wa kushoto, Jimmy Leadbetter, mwenyeji wa Edinburgh. Msimu ulipoanza alikuwa na umri wa miaka 33. Alikuwa mwembamba hata wenzake wakamwita kwa jina la vijiti, na kwa mbio hakuwa mtu wa kumtisha beki yeyote. Tena asili yake hakuwa winga. Alikuwa fowadi wa ndani, na Ramsey ndiye aliyemhamishia pembeni. Nani kati yetu angemweka pembeni mtu asiye na mbio? Siku zile kazi ya winga ilikuwa kukimbia na mpira ubavuni mwa uwanja mpaka karibu na kona, kisha kuupiga kati. Beki naye kazi yake ilikuwa kumganda winga huyo asipite.

Ramsey hakumtaka Leadbetter akimbie. Alimweka nyuma, huku karibu na nusu yao wenyewe. Basi beki wa upande wa pili akashikwa na shida asiyoizoea. Akimfuata Leadbetter huko nyuma, anaacha mlango wazi mgongoni pake. Asipomfuata, Leadbetter anapata nafasi ya kuinua kichwa, akatazama, akaupeleka mpira mrefu mahali anapopataka. Na waliokuwa wakiungoja mpira huo ni watu wawili, Ray Crawford na Ted Phillips, na huyu Phillips alikuwa na shuti la kuogofya. Katika Daraja la Pili Crawford alikuwa amefunga mabao 40 ya ligi, Phillips 30. Huko juu Crawford akafunga 33 na Phillips 28. Timu nzima ilifunga 93. Hesabuni mwone wawili hao walichukua mangapi.

Hapo ndipo ninapotaka wenzangu waangalie vizuri. Ramsey hakuficha udhaifu wa mtu wake, wala hakumfukuza kwa sababu ya udhaifu huo. Aliutengenezea mahali. Lakini aliwezaje? Aliweza kwa kuwa alikuwa ameishi na Leadbetter tangu 1955, akajua kwamba miguu yake ni mizito na macho yake ni mepesi. Mwalimu anayeletewa watu sita wasiojuana, wiki mbili kabla ya ligi, atajua nini juu yao? Atajua nani ana mbio, maana hiyo huonekana hata na mpita njia.

Tottenham walikuwa mabingwa wa mwaka uliopita, tena walikuwa wametwaa ligi na Kombe la F.A. kwa pamoja. Ipswich waliwafunga mara zote mbili, 3 kwa 2 nyumbani na 3 kwa 1 huko London. Siwafichi kwamba mwezi wa Aprili Manchester United waliwapiga Ipswich 5 bila, na katika msimu mzima walishindwa mara 10. Lakini tarehe 28 Aprili 1962, mbele ya watu wao, waliwafunga Aston Villa 2 bila, mabao yote mawili ya Crawford katika kipindi cha pili, na siku hiyo hiyo Burnley wakatoka sare na Chelsea, timu iliyomaliza mkiani kabisa. Ipswich wakawa na pointi 56, Burnley 53, Tottenham 52. Tangu hapo haijatokea klabu nyingine iliyochukua ubingwa katika msimu wake wa kwanza kabisa wa daraja la juu. Leicester ya mwaka 2016 mnayoisifu ilikuwa imekwisha kukaa humo mara nyingi, na hata safari ile ilikuwa katika mwaka wa pili baada ya kupanda.

Rafiki yangu mmoja, ambaye tunalala kitanda cha juu na cha chini, ananiambia ile ilikuwa bahati. Tottenham walikuwa na Kombe la Ulaya, Burnley walikuwa na fainali ya Kombe la F.A., wote walichoka. Ni kweli walikuwa na mambo mengi. Lakini uchovu haukumfungia Crawford mabao 33.

Tena kuna sehemu ya pili, na singekuwa mkweli kama ningeiruka, ijapokuwa yanidhuru. Ngoma ivumayo haidumu. Mwezi wa Agosti 1962 Tottenham walikuja Portman Road kugombea Ngao ya Hisani. Mwalimu wao, Bill Nicholson, alikuwa amekwisha kuigundua siri. Aliwaambia mabeki wake wasiwafuate mawinga, wawaachie viungo kazi hiyo, wao wabaki kati kuwabana Crawford na Phillips. Tottenham wakashinda 5 kwa 1. Wengine wakaiga. Mwezi wa Oktoba Ramsey akateuliwa kuwa mwalimu wa timu ya taifa, ambayo baadaye, mwaka 1966, aliipatia Kombe la Dunia. Ipswich wakamaliza msimu ule katika nafasi ya 17. Mwaka 1963 wakamwuza Crawford, na msimu wa 1963–64 wakafungwa mabao 121, yakiwamo 10 kwa siku moja huko Fulham, sikukuu ya pili ya Krismasi. Wakashuka.

Kwa hiyo sisemi kwamba timu ikae vilevile milele kama picha ukutani. Wale walikuwa wamezeeka, siri yao ilijulikana, na hawakuandaliwa vijana wa kutosha wa kushika nafasi zao. Hilo ni kosa, nasi tukilifanya tutashuka kama wao. Ninalosema ni juu ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza mgeni ana mali moja ambayo wenyeji hawana, nayo ni kwamba hawajamjua. Ukiwaondoa watu wake ukaweka wale ambao kila shule ya mjini imekwisha kuwaona, mali hiyo umeitupa mwenyewe.

Na kama mtu ataniambia kwamba hayo ni mambo ya kale, basi namrudisha kwa Ipswich hawa hawa wa mwaka 2024. Walikuwa wamepanda mara mbili mfululizo, 2023 na 2024. Safari hii wakatumia zaidi ya pauni milioni 100 kununua wachezaji. Wakashinda mechi 4 katika 38. Nakiri kwamba kulinganisha nyakati hizi mbili si haki kabisa, maana siku hizi tofauti ya fedha kati ya klabu za juu na wanaotoka chini ni kubwa mno, na labda wasingenunua mambo yangekuwa mabaya zaidi. Lakini wenzetu wanazungumza kana kwamba kununua watu ni dawa ambayo haijapata kumshinda mgonjwa.

Sasa nirudi nyumbani. Winga wetu wa kushoto mnamjua, sina haja ya kumtaja. Mnamjua pia kwa namna anavyokimbia, maana mmemwigiza mara nyingi mbele ya jiko, hata mimi nilicheka. Jina lake ndilo la kwanza katika orodha ya watakaoachwa. Jioni ile aliposikia habari hiyo hakusema neno. Alikwenda akaosha viatu vya mpira, akavirudisha stoo, vimekaushwa na kufungwa kamba pamoja, kama mtu anayekabidhi mali ya shule. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hao wa mjini ni msala upitao kwelikweli, maana wakishapata ada zao zimelipwa mwaka mmoja hatutawaona wa pili.

Wakubwa wetu waliochanga fedha nawaheshimu, na shukrani zetu kwao ni za kweli. Nawaomba waitumie fedha hiyo kwa mipira, viatu na nauli, na kama lazima aongezwe mtu, aongezwe mmoja mahali palipo na pengo hasa. Pengo letu ni beki wa kati, kila mtu anajua, na kijana wa Kidato cha Tatu anayelijaza yupo, ila hajaitwa mazoezini.

Mimi naondoka mwisho wa mwaka huu, sitaiona timu ikicheza huko juu. Kamati itakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na wenye mashauri wamekaribishwa. Nitakwenda na daftari langu. Nitalifungua mezani kwenye kurasa za msimu uliopita, niwaombe wazee wahesabu wenyewe ni mabao mangapi yaliyoanzia mguuni mwa yule asiyejua kukimbia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita