Kompyuta ina bima, je, kazi iliyomo ndani?

Bwana na bibi wanaofungua duka la kompyuta pale sokoni Cheptais huanza kwa kuhesabu mashine: kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi, kamera ya kupigia picha za pasipoti. Fedha zimetoka kwa chama au Sacco, na mara nyingi ng'ombe wa nyumbani ndio dhamana. Siku moja wakala wa bima anafika kutoka Bungoma au Kitale, karatasi zinatiwa sahihi, na wenye duka wanalala usingizi mzito. Lakini ni kitu gani hasa walichokikatia bima?

Bima ya kawaida ya moto na wizi hulipia mashine. Hailipii hesabu za wadeni wala kazi za wateja zilizochapwa kwa miezi. Iko bima nyingine, ya vyombo vya elektroniki, ambayo kwa kawaida huwa na mafungu matatu. La kwanza ni la mashine zenyewe. La pili ni la gharama ya kuingiza upya data iliyopotea, na la tatu ni la gharama za ziada, kwa mfano kukodi kompyuta nyingine wakati yako inatengenezwa. Usipouliza, huenda ukauziwa lile la kwanza peke yake.

Na hata fungu la pili, msomaji, hulipa fedha tu. Kazi isiyo na nakala popote haitarudishwa na kampuni yoyote. Diski ya akiba inayowekwa kwenye droo chini ya kompyuta huungua pamoja na kompyuta. Iende nyumbani kila jioni, na iwekwe mahali ambapo watoto hawataidhania kichezeo.

Jambo la pili ni thamani. Wengi hutaja bei ndogo ili walipe ada ndogo. Tuseme vyombo vyako ni vya shilingi 120,000, nawe ukaandikisha 60,000. Stima ikarudi kwa kishindo ikaunguza printa na kompyuta, hasara ya 40,000. Utapata 20,000, kwa maana uliandikisha nusu, basi na fidia huwa nusu. Mwenye duka atasema ameibiwa, lakini maneno hayo yamo katika hati aliyoitia sahihi.

Isome hati hiyo, hata kama ni Kiingereza kigumu. Mwombe mwalimu jirani akusaidie. Tazama wizi: hati nyingi hutaka mlango au dirisha liwe limevunjwa, kwa hiyo anayeingia kama mteja na kutoka na kompyuta chini ya koti anaweza kukuachia hasara yote. Tazama pia ghasia. Watu wa Mlima Elgon, waliopitia mapigano ya 2006 hadi 2008, hawahitaji kuelezwa neno hilo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyabiashara wengi nchini waliodai fidia walijibiwa kwamba fujo za kisiasa hazimo katika bima zao. Maduka yalivunjwa tena katika maandamano ya Juni 2024. Kinga hiyo huuzwa kando, kwa ada yake.

Kuna na vitambulisho vya wateja, ambavyo nakala zake hubaki ndani ya kompyuta. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, taarifa hizo zikiangukia mikononi mwa wengine na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe, Kamishna wa Data apaswa kujulishwa ndani ya saa 72. Bima ya mashine haigusi madai ya mteja aliyechukuliwa mkopo kwa jina lake.

Wakala akuonyeshe leseni yake ya mwaka huu kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Ukishalipa, dai risiti ya kampuni siku hiyo hiyo, maana sheria ya Kenya hairuhusu kampuni kubeba hasara yako kabla haijapokea ada. Risiti hiyo, pamoja na daftari la nambari za mashine zote, visilale dukani.