Mashine ya Kahawa ya Nyumbani: Tuchague Ipi?



Juma hili tumeona tuzungumzie chombo ambacho kimeanza kuingia majumbani mwetu, nacho ni mashine ya kuchuja kahawa kwa umeme. Wako wanaotumiwa na jamaa walioko Dubai au Muscat, wako wanaoipata kwa zawadi ya harusi, na wako wanaoinunua ili kuwaondolea wazee taabu ya kuwasha jiko la makaa alfajiri. Hili la mwisho ndilo hasa lililotusukuma kushika kalamu. Mzee ambaye mikono imeanza kumtetemeka hafai kuachwa ainue dele la moto, na kijana anayetaka kumtendea wema babake hapendezi kupoteza fedha zake kwa chombo kitakachokufa kabla ya mwaka kwisha.

Kwanza tuondoe dhana kwamba chombo hiki ni kigeni kwetu. Kahawa yenyewe asili yake ni Uhabeshi, na katika karne ya 15 masufi wa Yemen waliinywa ili wapate kukesha katika ibada. Mwaka 1511 gavana wa Makka aliipiga marufuku, na amri yake ikatenguliwa kutoka Cairo muda si mrefu. Tangu hapo watu wamekuwa wakitafuta njia bora ya kuipika. Huko Dresden, Ujerumani, mwaka 1908, mama wa nyumbani aitwaye Melitta Bentz alichoshwa na machicha ndani ya kikombe, akatoboa kopo na kuweka ndani yake karatasi ya daftari la mwanawe. Hapo ndipo lilipozaliwa chujio la karatasi. Mwaka 1954, huko huko Ujerumani, ikatokea mashine ya kwanza ya kufanya kazi hiyo kwa umeme.

Ndani ya mashine ya kawaida hamna mambo mengi. Kuna tangi la maji baridi, mrija mwembamba, na elementi ya kupasha moto iliyo chini. Maji hushuka mrijani, yakapita kwenye elementi na kuchemka, na mapovu ya mvuke yakayasukuma juu hadi yakadondoka juu ya kahawa iliyo katika chujio. Kivalivu kidogo huyazuia maji yasirudi nyuma. Elementi hiyo hiyo ndiyo inayopasha sahani ya chuma ambayo birika hukaa juu yake. Hakuna pampu wala mota. Chombo cha namna hii kina sehemu chache za kuharibika, na kila unapoongeza kioo cha saa, vitufe na taa za rangi, unaongeza mlango mwingine wa hasara.

Kwa sababu hiyo ushauri wetu wa kwanza ni huu: chagueni mashine yenye swichi moja tu, ya kuwasha na kuzima. Sisi wa pwani tunaishi na hewa ya chumvi inayokula madini, na stima yetu hukatika na kurudi kwa kishindo. Bodi za elektroniki huathirika kwa yote mawili. Saa ya mashine nayo hupoteza majira kila stima ikatikapo, na mzee hataweza kuirekebisha. Swichi moja haimsumbui mtu.

Pili, tazameni nguvu ya umeme iliyoandikwa chini ya mashine. Stima yetu ni volti 240. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutaka 120, na ukiichomeka hapa bila transfoma, elementi itavuta nguvu mara nne ya ilivyokusudiwa na kuungua papo hapo. Hata Saudi Arabia, kwa miaka mingi nyumba nyingi zilitumia volti 127, basi anayeletewa chombo na mahujaji na aangalie kabla ya kufurahi. Kwa mashine zinazouzwa hapa nchini, tafuteni alama ya KEBS.

Tatu, zingatieni birika. Birika la kioo linaonyesha kahawa iliyobaki, lakini ndilo linalovunjika kwanza. Kabla ya kulipa, mwulizeni mwenye duka kama birika jingine la aina hiyo linapatikana, na kwa bei gani. Ikiwa halipatikani, basi siku litakapovunjika mtakuwa mmepoteza mashine nzima. Birika la chupa, yaani la chuma lenye kuhifadhi joto mithili ya chupa ya chai, ni ghali zaidi lakini twalipendelea. Kahawa ikikaa juu ya sahani ya moto kwa zaidi ya nusu saa huharibika ladha, na sahani iliyosahauliwa ni hatari. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza mwaka 2015 kulazimisha mashine mpya zijizime zenyewe. Kinga hiyo ni njema kwa nyumba ya wazee, nayo ndiyo nyongeza pekee tunayoiona ina thamani.

Nne, msidanganyike na hesabu ya vikombe. Kikombe cha mashine aghalabu ni mililita 125, nacho kikombe kikubwa cha chai hubeba kama 250. Mashine ya vikombe kumi basi hutoa vikombe vikubwa vitano tu. Kwa watu wawili au watatu, ndogo yatosha.

Baada ya kununua, kuna mambo ya matumizi. Kahawa iliyosagwa laini kama unga, tuliyoizoea katika dele, haifai hapa. Huziba karatasi, na maji yakafurika mezani. Mwambieni msagaji aiache na chenga kama za sukari. Pimeni kijiko kimoja cha mezani kilichojaa kwa kila kikombe cha mashine. Hiliki iliyopondwa kidogo yaweza kuchanganywa na kahawa chujioni. Unga wa tangawizi huziba, hivyo ni bora kukata tangawizi mbichi vipande vyembamba na kuvitia ndani ya birika. Tena karatasi ina faida ya kiafya: hunasa mafuta ya kahawa ambayo huongeza lehemu katika damu, nayo hupita katika kahawa isiyochujwa. Mwenye kuonywa na daktari kuhusu lehemu na alitie hilo maanani.

Adui mkubwa wa mashine hizi ni maji. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na chokaa, na chokaa hugandia mrijani hadi mashine ikaanza kukoroma na kuchuruza polepole. Tumieni maji ya mvua au ya kunywa. Kila mwezi, jazeni tangi siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, pitisheni nusu ya mchanganyiko, zimeni kwa muda wa nusu saa, kisha malizieni na kusuuza kwa matangi mawili ya maji safi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na hapa tuna onyo. Mashine ikifa ghafla, mara nyingi kilichokatika ni fyuzi ya joto iliyo karibu na elementi, kitu cha bei ndogo. Baadhi ya mafundi huiondoa na kuunganisha nyaya moja kwa moja. Mashine itawaka, lakini kinga dhidi ya moto itakuwa imetoweka. Katika nyumba zetu za Mji wa Kale zilizobanana ukuta kwa ukuta, na boriti zake za mbao, moto wa jikoni kwako ni moto wa jirani yako. Mtakeni fundi aweke fyuzi nyingine ya kipimo kile kile, na aione macho yenu kabla hajafunga.

Je, ni lazima kila nyumba iwe na mashine? Hasha. Mwenye kunywa kikombe kimoja kwa siku atatoshelezwa na koni ya plastiki au ya kauri, karatasi, na maji yaliyochemshwa kisha yakapumzishwa kidogo. Haitumii stima, wala haina cha kuungua. Na dele letu halijapata mrithi: barazani, pamoja na kashata na tende, litabaki na heshima yake. Mashine ni ya jikoni, kwa asubuhi ya mzee ambaye anataka kahawa yake bila kumwamsha mtu.

Kwa ufupi, swichi moja, volti 240, birika linalopatikana dukani, na siki kila mwezi. Mkimnunulia mzazi, mpikieni nayo mara tatu mbele yake, kisha mwacheni aipike mwenyewe mkiwa mmekaa naye. Akiweza bila kuuliza, mmechagua vyema.

Tukutane juma lijalo, inshallah.