FAINI YA GARI LETU: TUSILIPE KWA UOGA

Ndugu wanaushirika,

Jumamosi iliyopita gari letu lilikwenda mjini na magunia ya mahindi ya wanachama. Dereva akasimama kando ya soko, pale pale tunaposhusha siku zote. Kugeuka, trafiki huyo na karatasi: umepaki pasiporuhusiwa, faini shilingi 30,000. Dereva akauliza, "Afande, kibao kiko wapi?" Akajibiwa, "Utakiona ukishalipa."

Tangu hapo kijiji kizima kinabishana. Wako wanaosema, "Lipeni yaishe, nani ataiweza serikali?" Wako na wengine, na hawa ndio wabaya zaidi, wanaotaka dereva akatwe mshahara. Sisi tunawaambia wote: hapana.

Kwanza tuelewane. Karatasi ile si hukumu, ni taarifa ya kosa. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, anayekubali kosa analipa. Anayekataa anakwenda mahakamani kusema yake. Na Katiba ya 1977, ibara ya 13, inataka mtu asikilizwe, tena asihesabiwe mkosaji mpaka ithibitike. Haki hiyo haikuandikwa kwa ajili ya wenye magari makubwa peke yao.

Lakini tusidanganyane. Ushirika hautetei kosa. Kama kibao kipo, tulipe leo bila kununa, maana barabara ile inapitisha na wagonjwa. Ndiyo sababu Jumatatu wanachama wawili walikwenda kutazama kwa macho yao. Kibao hakuna, mstari wa rangi hakuna. Kuna nguzo imelala mtaroni, ina kutu, haina bati. Kama ndicho kibao chenyewe, dereva angekisomaje?

Mtasema nauli ya mashahidi itapita hiyo 30,000. Kweli, inaweza kupita. Lakini tunashusha pale kila siku ya soko. Tukikiri leo, wiki ijayo tutakataa kwa mdomo gani? Safari nne kwa mwezi ni shilingi 120,000, na fedha hiyo itatoka kwenye gunia lako wewe unayesoma hapa.

Na ile desturi ya kumalizana pembeni bila risiti tusiisikie kabisa. Hiyo ni rushwa, na mtoaji na mpokeaji wote wana kosa.

Kwa hiyo tunataka hivi: dereva asikatwe hata senti. Katibu apeleke jibu letu kabla siku zilizoandikwa kwenye karatasi hazijaisha. Tukikaa kimya, hapo ndipo tutakuwa tumekosa kweli. Wale wawili walioona wajiandae kusema walichokiona, wasiongeze chumvi. Tukishindwa, mfuko wa ushirika utalipa, na risiti tutaibandika hapa ukutani kila mtu aione.

Mkutano ni Alhamisi saa kumi jioni, chini ya mwembe. Asiyefika asije akanung'unika kilabuni.

Ni sisi wenzenu,
Kamati ya Gazeti la Ukutani