Korosho ya Mtwara, gesi ya Mtwara, mbona kemia inasomewa Dar?

Una shahada ya kwanza ya kemia, unaishi Mtwara, na unataka kusoma uzamili wa utafiti, ule wa tasnifu usio na vipindi vingi vya darasani. Kabla hujafika kwenye ada, piga hesabu ya nauli. Maabara yenye mashine kubwa utaikuta Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro au Arusha. Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560 kwa barabara, na sampuli zako za maji zinatakiwa zifike zikiwa bado za baridi.

Lingekuwa jambo la kawaida kama huku kusini kusingekuwa na cha kuchunguza. Kumbe kipo tele.

Chukua korosho. Ganda ni karibu asilimia 70 ya uzito wa korosho ghafi. Ndani yake mna mafuta mazito ya kahawia ambayo kila mama anayebangua nyumbani anayajua, maana yanababua vidole. Kwa mkemia mafuta hayo ni mali. Yamejaa asidi ya anakadiki, na ukiyapasha moto wa kutosha asidi hiyo inatoa hewa ya ukaa na kugeuka kadanoli, malighafi ya rangi, gundi na breki za magari.

Hii si habari ya kufikirika. Pale Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), Profesa Egid Mubofu na wenzake wameyafanyia kazi mafuta haya kwa miaka mingi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, wakishirikiana na wenzao wa Ujerumani, Malawi, Namibia na Tanzania, walieleza jinsi walivyotengeneza kutoka kwenye mafuta hayo kemikali zinazonyonya miale ya jua inayounguza ngozi. Yaani kitu kinachobabua mikono ya mbanguaji kinaweza kuwa mafuta ya kukinga ngozi.

Sasa angalia kinachotokea mnadani. Korosho nyingi inauzwa ghafi, inapakiwa melini, inaenda Vietnam na India ikiwa na ganda lake. Mkulima analipwa kwa kilo. Mafuta ya ganda hayana bei yake pale, yanaondoka kama nyongeza. Serikali inataka korosho ibanguliwe nchini, na kongani ya viwanda ya Maranje ni sehemu ya mpango huo. Sawa. Lakini viwanda vikianza kazi kwa nguvu vitaacha milima ya maganda, na kuyachoma tu kama kuni ni kuchoma hela. Wa kuwaambia wenye viwanda wafanye nini ni mtu aliyekaa maabara miaka miwili na mafuta hayo hayo.

Kuna na salfa. Kila msimu wakulima wanapuliza salfa ya unga kwenye mikorosho kupambana na ubwiriunga, na inasaidia kweli. Ila utafiti uliofanyika kusini miaka ya 1990 ulionyesha kwamba salfa hiyo huongeza asidi kwenye udongo. Anayepanda mihogo na njugu chini ya mikorosho ile ile anahitaji kujua shamba lake limefikia wapi leo. Kupima asidi ya udongo hakuhitaji mashine ya mamilioni, na kituo cha TARI Naliendele kiko hapo hapo jirani na mjini. Kwangu mimi hiyo ni mada ya uzamili inayobebeka kabisa.

Gesi je? Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, watu wakapoteza maisha kwenye vurugu za mwaka 2013 kupinga bomba, na bomba lilipokamilika mwaka 2015 gesi ikaenda Dar. Kikemia lakini gesi hiyo ni methani karibu yote. Inaweza kuwa mbolea, ndiyo, ila hapo unaongelea kiwanda cha mabilioni, si tasnifu ya mwanafunzi. Cha mwanafunzi ni kilicho pembeni yake: visima vya Msimbati vimo ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Maji na tope la mikoko yanatakiwa kupimwa mara kwa mara, na wa kupima ni bora awe mtu asiyelipwa na mwenye kisima.

Kwa nini basi wanaoingia njia hii ni wachache? Uzamili wa kozi una ratiba, unajua utamaliza lini. Wa tasnifu unategemea kemikali kufika, mashine kuwa nzima na msimamizi kuwa na muda. Miaka miwili ya kwenye karatasi inageuka mitatu, minne, na mikopo ya elimu ya juu kwa sehemu kubwa inaenda kwa wa shahada ya kwanza. Mwalimu wa sekondari Tandahimba mwenye watoto wawili hawezi kucheza bahati nasibu hiyo.

Kinachoweza kubadilisha hesabu ni Lindi. Kupitia mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, UDSM inajenga kampasi huko, ya kilimo. Kutoka Mtwara ni mwendo wa kama kilomita 100, unaenda asubuhi na kurudi jioni. Swali la kuuliza sasa, kabla rangi haijapakwa ukutani, ni kama kutakuwa na maabara ya uchambuzi wa kemikali, fundi wa kuitunza, na ruhusa kwa mwanafunzi wa utafiti kutoka Mtwara kuitumia.

Na wewe unayejaza fomu mwaka huu, muulize msimamizi mtarajiwa mashine utakayoitegemea ilifanya kazi mara ya mwisho lini, na kemikali analipia nani. Akikwepa, tafuta mwingine.