Hao Watu Kwa Majani Chai Si Mapambo

Leo tuongee kuhusu zile picha za chai, na najua kuna mtu wa kamera atakasirika.

Tafuta Kericho ama Bomet kwa simu yako. Utaona kijani mpaka mwisho wa macho, ukungu kidogo, halafu vitone vya watu na vikapu mgongoni. Droni iko juu sana. Ikishuka, inawachukua kutoka nyuma. Kapsheni inasifu nchi yetu nzuri. Sawa, ni nzuri. Na huyo mwenye kikapu ni nani?

Utaniambia kuficha sura ni sanaa. Mimi niliacha chuo, lakini macho ninayo. Angalia kazi ya Thandiwe Muriu, mpiga picha wa Nairobi. Mfululizo wake unaitwa Camo, kama zile sare za jeshi za kujificha msituni. Mwanamke amevaa kitenge, na ukuta wa nyuma ni kitenge hicho hicho. Macho yamezibwa na miwani iliyoundwa kwa vitu vya nyumbani. Anapotea kwa maua ya kitambaa, lakini wewe unazidi kumtafuta. Picha nzima imejengwa kwa ajili yake. Kwa video ya droni, mchuma chai akiondolewa hakuna atakayegundua.

Na sisemi kila sura ianikwe. Mwaka 2023 BBC ilitoa makala kuhusu mashamba makubwa ya chai hapa Kericho. Wanawake zaidi ya 70 walisema wamedhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Mwanahabari aliyeingia huko kisiri alitumia jina la kubandika. Pale kufichwa kulikuwa ulinzi, na bado nchi nzima ilisikia.

Kwa hivyo mimi naulizia uamuzi. Ni nani alisema huyu mtu asionekane: yeye mwenyewe, ama wewe na droni yako?

Kama unakuja kushuti huku kwetu, shuka kwanza. Salimia. Eleza video inaenda wapi. Mtu akitaka jina lake litajwe, litaje vizuri. Akikataa, zima kamera, hata kama jua limekaa poa. Na ukilipwa kwa hiyo kazi, mkumbuke. Yeye analipwa kwa kilo, na hizo dakika ulizomsimamisha hazipimwi kwa mizani.